Maneno marefu ya Kiholanzi: yanakatwa wapi, yanatamkwaje?

Swali la msomaji: "Nasambaza vifurushi hapa Rotterdam, nimejiajiri mwenyewe. Barua za bima zimejaa maneno kama arbeidsongeschiktheidsverzekering. Nikilisoma kwa sauti naambiwa nirudie, na nikijaribu kulikata silabi kama tulivyofundishwa shuleni nakwama katikati. Je, maneno haya yana kanuni ya kukatwa? Na mkazo unawekwa wapi?"

Kanuni ipo, ndugu yangu, ila haianzii kwenye silabi, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapojikwaa. Sisi tukiona neno geni tunakata baada ya kila irabu: ki-fu-ngu-a-ki-nywa. Kwa Kiswahili mtindo huo haumwangushi mtu, maana karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu. Kiholanzi kinataka ukate mara mbili. Kwanza kata kwenye mishono, yaani pale maneno mazima yalipounganishwa. Kisha ingia ndani ya kila kipande ugawe silabi. Ukianza na silabi, unabeba konsonanti ya neno moja na kuipachika kwenye neno linalofuata, na masikio ya Mholanzi hayatambui tena lolote kati ya hayo mawili.

Tulichukue neno lako. Lina herufi 33 na silabi 10, lakini ndani yake mna maneno matatu tu: arbeid, kazi, ongeschiktheid, hali ya kutofaa au kutoweza, na verzekering, bima. Herufi s inayofuata arbeid na ile inayofuata ongeschiktheid hazina maana yoyote, ni gundi. Mishono basi iko hivi: arbeids | ongeschiktheids | verzekering. Baada ya hapo silabi zinajipanga bila ugomvi: ar-beids, on-ge-schikt-heids, ver-ze-ke-ring.

Maana isome kutoka nyuma. Kipande cha mwisho ndicho bwana wa neno: hii ni bima. Bima ya nini? Ya kutoweza. Kutoweza nini? Kufanya kazi. Kipande hicho hicho ndicho kinachoamua kama utasema de au het, vile vineno viwili vinavyotangulia nomino, hata neno liwe refu kiasi gani. Ni de verzekering, kwa hiyo ni de arbeidsongeschiktheidsverzekering. Ni het nummer, namba, kwa hiyo ni het burgerservicenummer, namba ya utambulisho ya mtu.

Mshono utauonaje katika neno ambalo hujawahi kukutana nalo? Tafuta viishio -heid, -ing, -teit na -schap vikifuatwa na s. Ukikuta -heids-, -ings- au -teits- katikati ya neno, kisu kinapita mara tu baada ya ile s: verzekerings-maatschappij, universiteits-bibliotheek. Gundi ya s hubaki upande wa kushoto siku zote. Hakuna anayetamka arbeid-son, ni arbeids-on. Gundi ya pili ni -en- au -e-: zieken-huis, huis-artsen-post, zonne-schijn. Dalili nyingine ni viambishi vya mwanzo, ver-, be-, ge-, ont- na her-, ambavyo mara nyingi huanzisha kipande kipya: verblijfs-vergunning, gezins-hereniging. Na kama zimerundikana konsonanti ambazo hakuna mdomo unaoweza kuzianza kwa pamoja, mshono umo humo ndani. Angstschreeuw, ukelele wa hofu, lina konsonanti nane zilizofuatana, ngstschr, na bado ni silabi mbili tu: angst-schreeuw.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya Kiholanzi havina sababu ya kulieleza, kwa kuwa havikuandikiwa watu wenye macho yetu. Jicho lililojifunza kusoma kwa Kiswahili huona jozi za herufi na kuzifanya sauti moja: sh, th, dh, ch, ng, nd, mb. Katika maneno marefu ya Kiholanzi, jozi hizo mara nyingi ni herufi mbili zilizokutana kwenye mshono bila undugu wowote.

Tazama gezinshereniging, utaratibu wa kuunganisha familia, neno ambalo wengi wetu huko tunalijua kabla hata ya kujua kuhesabu. Jicho linasoma "nshe". Lakini s ni gundi ya gezin na h ni mwanzo wa hereniging, kwa hiyo ni gezins, kisha her, na h isikike kama ile ya "hewa". Vivyo hivyo huishouden ni huis-houden. Ongeschiktheid ina t na h, lakini haina th ya "thelathini": malizia schikt, anza heid. Gezondheid haina dh ya "dhahabu": ni gezont-heid. Ila jihadhari: th ikiwa ndani ya kipande kimoja, kama apotheek au thuis, inatamkwa t tupu na h haisikiki kabisa. Ndiyo maana nasema mshono kwanza. Herufi ni zile zile, na mshono ndio unaokuambia kama h ina sauti au haina.

Kwa ng, tuna bahati. Mwisho wa silabi, ng ya Kiholanzi ni ng' yetu ya "ng'ombe", si ng ya "ngoma". Verzekering inaishia kwa ng', wala usiongeze g nyuma yake. Lakini n na g zikikutana kwenye mshono, g ni sauti ya peke yake, ile kh ya "kheri" inayotoka kooni. Ingang, mlango wa kuingilia, ina zote mbili: in-khang'. Ongeschikt ni on-khə-skhikt. Wenyeji wakisema haraka, hiyo n hurudi nyuma kidogo ikafanana na ng', lakini kh lazima ifuate. Kwa mazoezi hakuna neno bora kuliko belastingaangifte, fomu ya kutangaza kodi: bə-LAS-ting'-aan-khif-tə. Ng ya kwanza ni ng', na n-g ya pili ni konsonanti mbili zilizokutana kwenye mshono wa aan na gifte.

Alama ə niliyoandika ni irabu fupi, hafifu, isiyo na sura, ambayo Kiswahili hakina. Legeza taya, usitabasamu, usikaze midomo, toa sauti fupi. E isiyo na mkazo kwa kawaida ni hii: ge-, be-, ver-, -er, na -e ya mwisho. Kiishio -lijk nacho ni -lək, na -ig ni -əkh, ingawa maandishi yanaonyesha irabu nyingine kabisa. Wengi wetu tunatamka kila e kama ya "embe", na hilo huwachanganya wasikilizaji kuliko kh mbovu, kwa sababu silabi zote zinakuwa na uzito sawa na mkazo unapotea. Katika verzekering kuna e tatu: ya kwanza ni ə, ya pili ni e ndefu yenye mkazo, ya tatu ni ə tena. Vər-ZE-kə-ring'.

Linganisha na werkloosheidsuitkering, malipo ya mtu aliyepoteza kazi. Nalo linaishia kwa -kering, lakini hapa ke ni e ndefu: uit-ke-ring'. Kwa nini? Kitenzi chake ni uitkeren, chenye keren ndani, wakati verzekering linatokana na verzekeren, ambako mkazo uko kwenye ze. Ukilijua neno dogo lililomo ndani, neno refu halikupigi chenga.

Kwenye silabi za ndani ya kipande, kanuni ni fupi. Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda kulia: ma-nen, miezi. Zikiwa mbili, hugawanywa: man-nen, wanaume. Silabi inayoishia kwa irabu yenye herufi moja ina irabu ndefu, na inayofungwa na konsonanti ina irabu fupi. Kurudiwa kwa n katika mannen ni alama ya kufunga silabi tu. Mdomoni ni n moja, usiibane. Na aa, ee, oo, uu ni silabi moja. Kwetu "kaa" ni ka-a, mapigo mawili. Maan ni pigo moja refu. Ch haikatwi, kwa hiyo lachen huandikwa la-chen ingawa a yake ni fupi. Pia nd na mb hazianzi silabi kama zetu: tunasema ka-nda, lakini honden ni hon-den. Oe ni u yetu na ie ni i yetu. U ndefu ni i iliyotamkwa midomo ikiwa duara. Eu ni e iliyotamkwa hivyo hivyo. Ui anza na e ya "embe" midomo ikiwa duara, uipeleke kwenye i bila kuifungua midomo.

Kwenye mshono wenyewe sauti hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo humfanya mgeni aone kama Waholanzi wanasoma kitu kingine. Mwisho wa kipande, d inakuwa t na b inakuwa p: avondeten, chakula cha jioni, ni avont-etə. Ukisema a-vo-nde-te umefanya makosa mawili kwa pamoja, umehamisha d kwenda silabi isiyo yake na ukaiacha ikiwa ghuna, yaani yenye mtetemo kooni. Baada ya hapo tazama herufi inayofuata mshono. Kama ni v, z au g, na iliyotangulia ni sighuna (p, t, k, s, f, kh), basi inakuwa f, s au kh. Ndiyo maana verzekering peke yake huanza na v, lakini baada ya ile s ya heids inasikika fər-. Kinderopvang, kituo cha kulelea watoto mchana, ni KIN-dər-op-fang'. Kama herufi inayofuata ni b au d, mambo hugeuka: yenyewe ndiyo inayoivuta iliyo nyuma yake. Voetbal inasikika vud-bal, opbellen inasikika ob-belə, na zakdoek, leso, inasikika zag-duk. Hiyo g ya zakdoek ni g yetu hasa, ya "gari", na ni nadra kuisikia katika maneno ya asili ya Kiholanzi.

Konsonanti mbili zinazofanana zikikutana, inasemwa moja: handtekening, sahihi, ni hantekəning', stadsschouwburg ina s mbili kwa maandishi na moja mdomoni. T iliyobanwa katikati humezwa mara nyingi, kwa mfano postzegel, stempu, husikika pos-sekhəl. Nayo n ya mwisho katika -en watu wengi hawaitamki kabisa, hata katikati ya neno. Mwaka 1995 tahajia rasmi ilibadilisha pannekoek ikawa pannenkoek, na matamshi yakabaki yale yale.

Tabia yetu ya kuchomeka irabu kati ya konsonanti ina sehemu moja tu ambapo inaruhusiwa, na hata wenyeji huifanya. L au r ikifuatwa na m, p, k, f au kh ndani ya silabi moja, watu wengi huweka ə katikati: melk inakuwa mellək, werk inakuwa werrək, arm inakuwa arrəm. Kwa hiyo WER-rək-khe-vər ni sawa kabisa kwa werkgever, mwajiri, mradi umalizie na r. Lakini kabla ya t, d na s hairuhusiwi: hart ni silabi moja. Na skh ya mwanzo wa school au schikt usiipasue kuwa "sikhi". Shikilia s kwa muda, sss, kisha achia kh bila kufungua mdomo katikati.

Umeuliza kuhusu mkazo. Kiswahili kimetuzoesha silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la Kiholanzi lenye silabi 10 likipigwa mkazo hapo linakufa. Katika neno lililounganishwa, mkazo mkuu hukaa kwenye kipande cha kwanza, juu ya silabi ile ile ambayo kipande hicho kingebeba mkazo kikiwa peke yake. Arbeid ni AR-beid, kwa hiyo neno lako zima linapigwa AR. Angalia kwamba si lazima iwe silabi ya kwanza. Belasting ni be-LAS-ting, kwa hiyo be-LAS-tingaangifte. Aansprakelijkheid ni aan-SPRA-kelijkheid, hivyo bima ya dhima, ambayo utaikuta sana kwenye barua hizo hizo, ni aan-SPRA-kelijkheidsverzekering. Vipande vya nyuma huhifadhi mikazo yao midogo, chini ya ule mkuu, na hiyo midogo ndiyo inayomsaidia msikilizaji kuhesabu vipande.

Neno lako sasa, kwa mtindo tuliokubaliana:

AR-beits-ON-khə-skhikt-heits-fər-ZE-kə-ring'

AR ipande juu kabisa, ON na ZE ziinuke kidogo, zilizobaki zipite chini. Ei katika beits na heits ni pigo moja, si e-i. Kama pumzi haitoshi, pumzika kidogo kwenye mshono, baada ya heits, na kamwe usipumzike baada ya khə au ver, maana hapo umepasua neno dogo.

Wako waasi. Stadhuis, jumba la halmashauri ya mji, ni stat-HUIS, na burgemeester, meya, ni burge-MEES-ter. Majina ya miji yanayoishia kwa -dam hupigwa mwisho: Amster-DAM, na wako, Rotter-DAM. Maneno ya kukopa yaliyoshonwa ndani hubaki na matamshi ya kwao: service katika burgerservicenummer ni silabi mbili za Kiingereza, na wala e yake ya mwisho haisomwi.

Jinsi ya kujizoeza: jenga kutoka nyuma. Sema ring', kə-ring', ZE-kə-ring', fər-ZE-kə-ring' mpaka kipande kitoke chenyewe. Kisha heits-fər-ZE-kə-ring', na uendelee hivyo hadi ufike AR. Sababu ya kuanzia nyuma ni kwamba kila unapoongeza silabi unaishia sehemu ambayo ulimi umeshaizoea, badala ya kuishiwa nguvu kwenye sehemu ngumu. Ukishafika mwanzo, badilisha: sema neno zima ukipiga meza mara moja tu, kwenye AR. Kama mkono unataka kupiga tena kwenye -kə-, ni Kiswahili kinakuvuta.

Kwa maandishi, kukata neno mwisho wa mstari kunafuata mpangilio ule ule, mshono kwanza. Avond-eten ni sawa. Avon-deten ni kosa. Herufi moja haiachwi peke yake mwanzoni wala mwishoni. Neno lenye nukta mbili juu ya irabu huzipoteza likikatwa hapo: geïnteresseerd inakuwa ge-interesseerd. Cafeetje ikikatwa inarudi kuwa café-tje, na omaatje inakuwa oma-tje. Irabu zikigongana kwenye mshono wa maneno mawili, kistari ni cha kudumu: zee-eend, auto-ongeluk.

Kompyuta hukosea kwa sababu mbili. Ya kwanza na ya kawaida ni lugha ya hati kuwekwa Kiingereza. Badilisha iwe Kiholanzi. Ya pili ni kwamba programu hukisia kwa mpangilio wa herufi bila kujua maana, na maneno mengine yana mishono miwili inayowezekana. Bommelding ni bom-melding, taarifa ya tishio la bomu, lakini mashine inaweza kukupa bommel-ding. Valkuil ni val-kuil, shimo la mtego. Ukikata valk-uil umepata kozi na bundi. Massagebed ni massage-bed, kitanda cha kukandia mwili, au massa-gebed, sala ya umati, na g ya mkato wa kwanza na ya mkato wa pili hazifanani hata kidogo. Kwartslagen haina jibu mpaka uone sentensi: kwart-slagen ni mizunguko ya robo, kwarts-lagen ni tabaka za jiwe la kwatsi. Katika Word, bonyeza Ctrl pamoja na kistari mahali unapotaka kukata. Kistari hicho hujitokeza tu neno likifika ukingoni. Na kama msomaji anaweza kuchanganyikiwa hata katikati ya mstari, tahajia inakuruhusu uweke kistari cha kuonekana: kwarts-lagen.

Usichoruhusiwa ni kuacha nafasi. Langeafstandsloper ni mkimbiaji wa masafa marefu. Ukiandika lange afstandsloper, umesema ni mkimbiaji wa masafa ambaye yeye mwenyewe ni mrefu.

Ukiwa na shaka, orodha rasmi ya maneno ya Taalunie, taasisi inayosimamia tahajia ya Kiholanzi, iko wazi kwenye woordenlijst.org na inaonyesha mahali pa kukatia kila neno. Maneno marefu sana huenda usiyakute, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kushona jipya leo. Tafuta kipande kimoja kimoja. Na ukipiga simu kwa kampuni ya bima, wenyewe hawahangaiki na silabi zote 10. Wanasema AOV, herufi tatu, aa-oo-vee, mkazo kwenye vee.